Masafa Mafupi: Ufupi wa Nini?

Juzi barazani nilimsikia tena mzee mmoja, redio ikiwa mapajani, akimweleza kijana kwamba masafa mafupi ni ya vituo vya jirani na kwamba anayetaka kunasa matangazo ya ng'ambo ya bahari atafute masafa marefu. Masafa mafupi ni mawimbi ya redio yenye urefu wa mita 10 hadi 100 hivi. Ufupi ni wa wimbi lenyewe, si wa safari yake.

Kosa limo katika neno. Masafa tumelipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana ya umbali, na hadi leo tunasema mbio za masafa marefu bila mtu kukanganyikiwa. Likatumika pia kwa urefu wa wimbi, kisha sisi wa enzi ya FM tukalibebesha mzigo wa tatu, tukisema kituo kiko “masafa ya megahezi 100”, ilhali kinachohesabiwa hapo ni mitetemo ya wimbi kwa sekunde, ambayo huongezeka kadiri wimbi linavyofupika. Bora watangazaji waliotuambia “mita bendi 25”, yaani mawimbi yenye urefu wa mita 25 hivi, maana mita hujieleza. Redio ya Zanzibar ilipotangaza kutoka Dole, kisiwani Unguja, kwa kilohezi 11,735, yaani katika bendi hiyo hiyo, wimbi lake halikuzidi urefu wa mnazi mrefu, nalo lilisikika hadi Ulaya.

Hata wataalamu waliteleza hapa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1912 iliwasukumia wanaredio wa ridhaa, yaani wanaorusha mawimbi kwa kupenda tu, mawimbi ya mita 200 kushuka chini, yakidhaniwa hayafai kwa safari ndefu. Novemba 1923, kwa takriban mita 100 tu, wakawasiliana kati ya Connecticut, Marekani, na Nice, Ufaransa, Atlantiki ikiwa katikati. Wimbi la namna hiyo hupaa hadi ionosfera, tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme, hurudishwa chini, na likiangukia bahari hupaa tena bila kupoteza nguvu nyingi, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko nchi kavu.

Mzee hakukosea yote, kwani wimbi la FM, lenye mita 3 hivi, ni fupi zaidi na kwa kawaida huipenya ionosfera likapotelea angani, hivyo husikika jirani tu. Ningemwomba tu, kwa heshima zote, aseme “mawimbi mafupi”, kisha amwonyeshe kijana palipoandikwa SW, kifupi cha Kiingereza cha “short wave”, yaani wimbi fupi.