Maji Yenye Sura ya Ukungu Pichani Hayakutengenezwa kwa Kompyuta

Wapo wanaoamini kwamba picha ya maporomoko ya Materuni, karibu na Moshi, ambamo maji yanaonekana laini kama ukungu imetengenezwa kwa kompyuta. Shaka hiyo ina msingi, kwa kuwa picha zilizounganishwa vipande zipo, na nyingine ni sanaa ya kuheshimika; lakini ulaini huo kwa kawaida hutokana na kamera kuachwa ipokee mwanga kwa muda mrefu, tuseme sekunde 1 badala ya 1/500, hata maji yanayokimbia yakaacha michirizi huku miamba iliyotulia ikibaki dhahiri. Mwenye simu inayoruhusu kupanga muda huo anaweza kujaribu mwenyewe mtoni, penye kivuli, simu ikiwa imeegemezwa isitikisike.

Picha iliyounganishwa hujulikana kwa dalili nyingine, nami naona mwelekeo wa jua ndio wa kuaminika zaidi. Ukitazama kutoka Moshi mjini, Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, iko kaskazini na Mawenzi, kilele chake kingine, iko kulia kwake; kwa hiyo picha inayosemekana kupigwa mjini, ikionyesha jua likizama nyuma ya Kibo, imeunganishwa. Vivuli navyo vikaguliwe: vikielekea pande zinazopingana kabisa, yaelekea vipande hivyo havikupigwa wakati mmoja.