Wayahudi wa kimaendeleo hawaongozwi na amri kutoka Jerusalem

Nafundisha historia ya dini, na kila mwaka darasani lazima atokee mtu aseme Wayahudi wa kimaendeleo, wale wanaoona sheria ya kale ya dini inaweza kubadilika na nyakati, wana makao makuu Jerusalem kwa hiyo amri zinatoka huko. Jamani hapana. Ule ni muungano tu, World Union for Progressive Judaism, ulianzia London 1926, akina Lily Montagu na Claude Montefiore wakiwa mbele, na ofisi zilihamia Jerusalem 1973. Kazi yake ni kuunganisha jumuiya, kulea vijana, kusaidia zile ndogo zipate rabi na vitabu vya sala. Basi.

Mnataka ushahidi? Angalieni suala la nani ni Myahudi. Kwa sheria ya kale mtoto anafuata mama. Mwaka 1983 marabi wa Reform wa Marekani, tawi mojawapo la kimaendeleo, wakasema hata kama Myahudi ni baba peke yake mtoto anahesabika, mradi alelewe Kiyahudi, na Waliberali wa Uingereza, nao wa kimaendeleo, walikuwa wameshaanza hayo zamani, lakini marabi wa Reform wa Israel, ambao ndo majirani wa hiyo ofisi, hawakufuata. Yaani mtoto yuleyule, muungano uleule, Chicago anaitwa mbele kusoma Torati, akihamia Haifa anaambiwa aanze kwanza safari ya kuongoka. Sasa hapo amri iko wapi? Vitabu vinapita hapa mbiombio, ila mimi mpaka leo sijaamua kama huo uhuru ndo unaowaweka pamoja au ndo ufa wenyewe, kwa sababu anayeumia ni huyo mtoto.

Halafu kuna hili la Abayudaya, jumuiya ya Wayahudi wa Mbale, Uganda. Imani yao aliianzisha Semei Kakungulu, kiongozi wa huko, 1919, wanawake na wanaume wanasali pamoja, basi watu wanawahesabu humohumo kwenye kimaendeleo. Wengi wao ni Masorti, tawi jingine la Uyahudi! Rabi wao Gershom Sizomu alisomea chuo cha Masorti Los Angeles, akapewa urabi 2008, na Masorti wanaihesabu sheria ya kale kuwa inawabana. Tena pale Putti, palepale karibu na Mbale, wapo waliochagua Uorthodoksi wa Kiyahudi, unaoshika sheria ya kale kwa ukali zaidi. Ukitaka kuwaona wa kimaendeleo Afrika nenda Johannesburg, Cape Town au Durban, kazi aliyoianza rabi Moses Weiler alipofika Afrika Kusini 1933.