Kinga ya mtoto njiti: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana iliyokita mizizi kuliko zote ni kwamba mtoto wa miezi saba huishi na wa miezi minane hana matumaini. Ukweli ni kinyume chake. Kingamwili ambazo mama humpa mwanawe kupitia kondo la nyuma huvuka kwa wingi katika wiki za mwisho za ujauzito, kwa hiyo kila wiki ya ziada tumboni ni akiba, na njiti, yaani anayezaliwa kabla ya wiki 37, hutoka na akiba pungufu. Tena ngozi yake ni nyembamba, na chembe nyeupe za damu yake hazijawa tayari kupambana na vijidudu.

Wengine huamini kuwa kitovu cha mtoto dhaifu lazima kipakwe kitu, iwe majivu au mafuta, ili kikauke upesi. Katika utafiti uliofanyika hapahapa Pemba kwa watoto zaidi ya 36,000 na kuchapishwa mwaka 2016, kupaka kloraheksidini, dawa ya kuua vijidudu, hakukupunguza vifo kwa kiwango cha kutegemewa kuliko kukiacha kitovu kikavu na safi. Ikiwa dawa yenyewe haikufua dafu, majivu, ambayo huweza kubeba vijidudu vya pepopunda, yana kazi gani pale?

Dhana nyingine, ambayo nadhani ndiyo yenye madhara zaidi, ni kwamba mtoto huyu atengwe na mama yake ili asipate maradhi. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza huduma ya kangaruu ianze mara tu baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku, isipokuwa kwa mtoto aliye mahututi sana. Mtoto huvishwa kofia, soksi na nepi tu, akalazwa wima kifuani mwa mama, kichwa kimegeuzwa upande, kisha akafungwa kwa kanga. Hapo hupata joto, hukaribia ziwa, na ngozi yake huzoea vijidudu vya mama badala ya vile sugu vya wodini. Wa kuzuiwa ni mgeni mwenye mafua aliyekuja kutoa pongezi na kutaka kumbusu. Nyumba nyingi huona haya kumwambia.

Dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, nayo husingiziwa kuwa maziwa machafu, ilhali imejaa kinga, na hata matone machache kwa mpira wa kulishia humfaa asiyeweza kunyonya. Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja.

Na si kweli kwamba mtoto asiye na homa hana maambukizi. Njiti mara nyingi hupoa badala ya kuchemka: joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35.5 za Selsiasi, akigoma kunyonya, akilegea, au akipumua mara 60 na zaidi kwa dakika, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.