Kabla Hujachukua Mbwa, Soma Sheria Ndogo za Eneo Lako

Mmiliki anayepokea notisi ya kumwondoa mbwa wake kwa kawaida hulalamika kwamba mnyama huyo hajapata kumng'ata mtu. Malalamiko hayo yana uzito, lakini kisheria mara nyingi hayamsaidii, kwa kuwa sheria zinazozuia aina fulani za mbwa huangalia umbo la mnyama, si mwenendo wake.

Uingereza inaonyesha jambo hili waziwazi. Chini ya sheria ya mbwa hatari ya mwaka 1991, dume aliyekomaa anayedhaniwa kuwa XL Bully, yaani mbwa mkubwa mwenye misuli wa jamii ya American Bully, hupimwa urefu kutoka chini hadi mabegani, na akifika sentimita 51, huku kichwa, shingo na kifua vikilingana na maelezo rasmi, anaweza kuhesabiwa kuwa wa aina hiyo hata kama muuzaji alimpa jina jingine. Tangu Februari 1, 2024, kummiliki mbwa huyo huko England na Wales bila cheti cha msamaha ni kosa la jinai. Mwenye cheti naye hulazimika kumfunga mbwa kizazi, kumwekea chipu ya utambulisho, kumkatia bima, na kumvisha kizuizi cha mdomo na kumshika kwa kamba kila anapokuwa hadharani.

Nchini Marekani mambo hutofautiana kati ya mji na mji. Mji wa Denver ulipiga marufuku pit bull, kundi la mbwa wenye misuli na taya imara, mwaka 1989, hadi wapiga kura walipoamua Novemba 2020 kwamba watunzwe kwa kibali maalumu. Kwa hiyo anayehama asitegemee kibali cha alikotoka, na mpangaji asome pia mkataba wa nyumba, maana mwenye nyumba anaweza kukataa mbwa ambaye mji unamruhusu.

Kwa maoni yetu ya kitaalamu, sheria inayombana mmiliki mzembe hulinda watu vizuri zaidi, kwa sababu mbwa wa aina yoyote aliyefungwa mnyororo mchana kutwa, asiyezoezwa kukaa na watu, au mwenye maumivu yasiyotibiwa, anaweza kung'ata. Uholanzi, kwa mfano, ilitangaza mwaka 2008 kwamba inaifuta marufuku yake ya pit bull. Hata hivyo, sheria iliyopo ni lazima ifuatwe, na kumwandikisha mbwa kwa aina ya uongo huweza kumponza zaidi.

Ukipokea notisi, usimfiche mbwa. Omba sababu kwa maandishi, uliza mwisho wa kukata rufaa ni lini, na upeleke kumbukumbu za chanjo, namba ya chipu na maelezo ya daktari wa mifugo anayemfahamu.