Kusoma umri wa pikipiki ya zamani: fremu, injini na karatasi

Ndugu wawili waliniletea karakana, hapa Lubumbashi, pikipiki ya Triumph yenye injini ya sentimita za ujazo 650 iliyokuwa imelala ghalani miaka mingi, wakaniomba niwaandikie ilitengenezwa mwaka gani. "Papa fundi, ni ya nkambo wetu, ya mbele ya uhuru," alisema yule mkubwa, akimaanisha babu yao, kwa uhakika wa mtu aliyelisikia jambo hilo tangu utotoni. Sikumpinga, ila nilichuchumaa nikaitazama injini. Katika Triumph za 650, injini na sanduku la gia ziliunganishwa katika kasha moja kuanzia modeli ya 1963. Zile za awali zilikuwa na sanduku la gia lililokaa peke yake nyuma ya injini. Hii ilikuwa na kasha moja, kwa hiyo hata kabla ya kusoma namba yoyote nilijua kwamba tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru wa Kongo, ilikuwa haijatengenezwa bado.

Umbo hukupa mpaka tu, yaani mwaka ambao chombo hakiwezi kuutangulia. Ili kuukaribia mwaka wenyewe ni lazima usome namba, na namba ya kwanza kutafutwa ni ile ya fremu, kwa kuwa injini hubadilishwa mara nyingi kuliko fremu. Kwa Triumph hizi namba ya fremu iko upande wa kushoto wa shingo, chini kidogo ya mahali usukani unapozungukia, na ya injini iko upande huohuo, chini ya silinda. Vumbi jekundu la mji wetu likichanganyika na mafuta huwa gumu kama udongo uliochomwa, na wengi hukimbilia msasa au brashi ya waya. Nawasihi wasifanye hivyo, kwa sababu alama iliyogongwa kwenye chuma ina kina kidogo sana na ukishaikwangua hairudi. Mimi hulowanisha mahali hapo kwa mafuta ya taa, husubiri, husugua kwa mswaki mkuukuu, kisha huweka karatasi nyembamba juu yake na kupitisha penseli laini kwa ubavu hadi herufi zijitokeze zenyewe. Karatasi ile naihifadhi, maana inaonyesha hata kosa la mgongaji, jambo ambalo picha ya simu mara nyingi hulificha.

Kwenye karatasi zile mbili zilitokea herufi JD mwanzoni mwa namba, na tarakimu zilezile kwa fremu na kwa injini. Kuanzia modeli za 1969, Triumph na BSA, kiwanda kingine cha pikipiki cha Uingereza, zilitumia herufi mbili: ya kwanza ni mwezi, ya pili ni mwaka wa modeli. Miezi hufuata A, B, C, D, E, G, H, J, K, N, P, X, kwa hiyo J ni Agosti. Mwaka huanzia C kwa 1969, na D ni 1970. Hapa ndipo wengi hukosea na kuandika Agosti 1970. Mwaka wa modeli kiwandani ulianza Agosti na kuishia Julai, basi JD ni Agosti 1969, na Agosti 1970 ingeandikwa JE. Kwa kanuni hiyohiyo pikipiki yenye HD, ya Julai 1970, ni changa kuliko yenye JD, ingawa H hutangulia J.

Namba zikilingana bado nauliza kama ziligongwa na kiwanda. Kwenye injini za kuanzia modeli za 1969, sehemu ya namba ilitandazwa alama ndogondogo za Triumph zilizorudiwa, na namba ikagongwa juu yake. Mtu akipitisha tupa ili aandike namba nyingine, alama hizo hupotea. Za hii zilikuwepo zote. Koili za umeme za Lucas nazo zilikuwa na maandishi madogo 6 69, yaani Juni 1969, na ndivyo inavyotarajiwa, kwa kuwa kipuri hutangulia pikipiki kwa wiki au miezi kadhaa. Kabureta ilikuwa ya Kijapani, ya baadaye sana. Hiyo haisemi lolote kuhusu umri wa chombo.

Ndugu hao walikuwa na karte roze, yaani kadi ya usajili, ya zamani pia. Kichwa chake kilisomeka République du Zaïre, jina lililotumika tangu tarehe 27 Oktoba 1971 hadi Mei 1997, na mji uliandikwa Lubumbashi, jina lililochukua nafasi ya Élisabethville mwaka 1966. Karatasi kama hiyo huonyesha lini chombo kiliandikishwa kwa mwenye kukimiliki wakati ule, si lini kilitengenezwa. Nimeona nyingi ambazo mwaka wa kuandikishwa umejazwa mahali pa mwaka wa kutengenezwa, na kosa hilo likishaingia hunakiliwa kutoka kadi hadi kadi.

Wenye pikipiki za baada ya 1980 huniuliza kuhusu namba ya utambulisho wa chombo, yenye herufi na tarakimu 17 kwa jumla. Marekani huilazimisha tangu modeli za 1981, na alama ya 10 huonyesha mwaka: A ni 1980, B ni 1981, na mzunguko hurudi baada ya miaka 30, hivyo A ni 2010 pia. Lakini viwanda vingi havikuitumia nafasi hiyo kwa pikipiki zilizouzwa nje ya Amerika ya Kaskazini, kwa hiyo usiitegemee peke yake kwa chombo kilichoingia kwetu kwa njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia.

Niliwaandikia hivi: fremu na injini ni za pamoja tangu kiwandani, Agosti 1969, modeli ya 1970, kabureta si ya asili. Waliisoma kimya, wakampigia simu bibi yao papo hapo. Bibi akawaambia kwamba pikipiki ya mbele ya uhuru ilikuwa nyingine, FN ya Kibelgiji, ambayo mzee aliiuza, na kwamba hii aliinunua kutoka Zambia mtoto wao wa mwisho akiwa tayari anatembea.