Una Usonji, Una Kipaji, Huna wa Kushirikiana Naye

Vijana wenye usonji wanaofika kliniki kwetu, wachora katuni, watengeneza midundo, waandishi wa hadithi, huja na kilio kinachofanana: kazi ipo, wa kuifanya naye hayupo. Mchoraji ana daftari lililojaa wahusika lakini hana wa kuwaandikia maneno. Mtengeneza midundo ana nyimbo tele kwenye kompyuta lakini hana mwimbaji. Wakijaribu kujichanganya wanaambiwa wanaringa, kwa kuwa hawakumtazama mtu usoni au walinyamaza wenzao walipokuwa wanataniana.

Usonji hausababishwi na malezi mabaya wala na majini. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo ambayo mtu huishi nayo tangu utotoni hadi uzeeni. Hugusa namna anavyowasiliana na watu, anavyopokea sauti, mwanga na miguso, na anavyozama katika jambo alipendalo. Haufanani kwa watu wote. Yupo asiyezungumza kabisa, na yupo msemaji hodari anayechoka vibaya akitoka kwenye kundi la watu.

Sanaa ya mjini huendeshwa na koneksheni, na hapo ndipo ugumu ulipo. Dili huzaliwa kijiweni, studio usiku wa manane, kwenye uzinduzi wenye spika za kupasua masikio. Mtu ambaye kelele humuumiza hana nafasi ya haki mahali kama hapo. Ushauri anaopewa kila siku ni "jichangamshe". Sikubaliani nao. Kujilazimisha kutenda kama wengine kwa saa nyingi humaliza nguvu, na ni nguvu zile zile ambazo angechorea.

Mwaka 2012 mwanasosholojia wa Uingereza Damian Milton, mwenyewe akiwa na usonji, alitoa hoja kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: asiye na usonji naye hushindwa kumwelewa mwenye usonji. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, wakiongozwa na Catherine Crompton, walipima jambo la karibu na hilo. Walipanga watu katika misururu ya wanane wanane, wa kwanza akasimuliwa hadithi, akampa wa pili, hadi wa mwisho. Msururu wa wenye usonji watupu ulifikisha habari sawasawa na ule wa wasio na usonji. Habari zilipotea zaidi pale makundi mawili yalipochanganywa.

Kwa msanii, hili lina uzito. Huenda mtu wa kwanza wa kufanya naye kolabo ni kijana mwingine mwenye usonji, anayependa kitu kile kile kwa kina kile kile, ambaye hataona ajabu ukimwandikia ujumbe mrefu kuhusu rangi ya anga moja tu.

Pia usitishike ukidhani unahitaji watu wengi. Mchoraji Stephen Wiltshire alizaliwa London mwaka 1974, akagundulika kuwa na usonji akiwa na miaka mitatu, na alichelewa sana kuzungumza. Neno lake la kwanza lilikuwa "karatasi", baada ya walimu kumnyima vifaa vya kuchorea ili wamshawishi aseme. Mwaka 2005 alipandishwa helikopta juu ya Tokyo, kisha akauchora mji huo kwa kumbukumbu kwenye turubai ya mita 10. Kumbukumbu ya namna hiyo ni adimu hata miongoni mwa wenye usonji, na wazazi nawasihi msiidai kwa watoto wenu. Kinachofaa kuigwa ni watu waliomzunguka. Walimu walimtia moyo. Wakala wa vitabu Margaret Hewson alimshughulikia uchapishaji. Dada yake, Annette, akawa naye katika uendeshaji wa kazi zake. Ni wachache, na kila mmoja alikuwa na kazi inayojulikana.

Nawe anza na mmoja. Mpe kazi ndogo yenye mwisho: ukurasa mmoja, ubeti mmoja. Ikienda vizuri, ongezeni. Andikeni nani anafanya nini, lini, na pesa zitagawanywaje, hata kama ni ndugu. Nasisitiza maandishi kwa sababu wengi wa vijana hawa huamini neno la mtu kama lilivyosemwa, na wajanja wanalijua hilo. Sheria ya Tanzania inakupa hakimiliki mara tu unapoibuni kazi, lakini kuisajili Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, hukupa ushahidi pakitokea mgogoro.

Wewe unayeombwa kushirikiana, acha mafumbo. Ukisema "tutaonana" na huna nia, atakusubiri. Taja siku, au kataa waziwazi. Usimbadilishie mkutano dakika za mwisho.

Na kwa msanii anayeogopa kuanza mazungumzo, huu ni ujumbe ambao tumewasaidia vijana kuutuma, na unaweza kuunakili: "Habari. Nachora katuni, nina usonji. Naelewa vizuri zaidi kwa maandishi kuliko kwa simu. Natafuta mtu wa kuandika maneno ya ukurasa mmoja, na mchoro wake nimeuambatanisha. Ukipenda, nijibu kufikia Ijumaa. Usipopenda, niambie hivyo hivyo, sitakasirika."