Alice Kober na kadi 180,000

Alice Kober alifariki Mei 16, 1950, akiwa na miaka 43. Mwaka 1952 Linear B, mwandiko wa vibao vya udongo vilivyofukuliwa Knossos, kisiwani Krete, kuanzia 1900, ukasomeka. Sifa zilimwendea Michael Ventris, msanifu majengo wa Kiingereza aliyeusoma, na anazistahili. Ila anayetaka kujua mwandiko huo ulifungukaje aanze na huyu mwalimu wa Kilatini na Kigiriki wa Brooklyn College, New York, aliyekuwa pia akiwaandikia wanafunzi wasioona vitabu na mitihani kwa breli.

Wengi waliomtangulia walianza kwa kukisia lugha, kisha wakazilazimisha alama ziitamke. Kober hakuipa alama yoyote sauti. Alihesabu: hii hukaa mwanzoni mwa neno au mwishoni? Hufuatana na ipi? Karatasi ilikuwa adimu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, basi alikata kadi kutokana na kadi za salamu, matangazo ya kanisa, chochote chenye upande mtupu, akazipanga ndani ya katoni za sigara. Nyingine alizitoboa, ili zikipangwa moja juu ya nyingine, tundu linalopenya zote lionyeshe zinachofanana.

Ugunduzi wake mkubwa Kiswahili kinaueleza vizuri. Tuseme kila silabi ina alama yake na hujui hata moja. Unakuta PI-KA, PI-KE, PI-KI-A. Kwingine LI-MA, LI-ME, LI-MI-A. KA, KE na KI kwa macho hazifanani hata kidogo, lakini zinabadilishana mahali pamoja, baada ya PI ileile. Kwa hiyo zina konsonanti moja, yaani ile ya mwisho wa shina, na irabu ndiyo inayogeuka. KA na MA nazo, kwa kuwa zimekaa nafasi moja, zina irabu moja. Umeshapata jedwali la konsonanti na irabu bila kutamka kitu.

Mtego upo. PI-KA na PI-TA pia zinaanza sawa, na hazina undugu wowote. Jozi moja haithibitishi kitu. Lazima mpangilio uleule ujirudie kwenye mashina mengine, na kwa hilo unahitaji vibao vingi. Vingi vya Arthur Evans, mwanaakiolojia aliyevifukua Knossos, vilikuwa bado havijachapishwa. Mwaka 1947 Kober alikwenda Oxford kuvinakili kwa mkono, na baadaye alitumia muda mwingi kumsaidia John Myres, mwanaakiolojia wa Oxford, kuandaa kitabu cha marehemu Evans kuhusu vibao hivyo. Muda huo, kwa maoni yangu, ulipaswa kuwa wa jedwali lake. La 1948 lilikuwa na alama 10 tu.

Ventris alilipanua, na makundi ya maneno matatu matatu ya Kober yakampa majina ya miji ya Krete. Kundi mojawapo lilisomeka ko-no-so, ko-no-si-jo, ko-no-si-ja: Knossos, wa kiume wa Knossos, wa kike wa Knossos. So na si, alama mbili zisizofanana, konsonanti moja.